Ndege Watagao Katika Viota vya Wenzao, na Jinsi Wenye Viota Wanavyojilinda

Kila mfugaji wa kuku ajua ya kwamba kuku akisha kuanza kuatamia haulizi kama mayai yaliyo chini yake ni yake au si yake. Ukimwekea mayai ya bata, atayalalia kwa uvumilivu siku zote zipasazo, na yakianguliwa atawaongoza watoto wale kama watoto wake mwenyewe, hata siku watakapoingia majini naye akabaki ukingoni akiwaita kwa mashaka. Hila hiyo umeifanya wewe, nawe umeifanya kwa faida yako.

Basi yafaa ujue ya kuwa kandokando ya shamba lako wako ndege wafanyao hila hiyo hiyo wao wenyewe, bila mkono wa mwanadamu. Hawajengi kiota, hawaatamii mayai, wala hawawapi watoto wao hata kiwavi mmoja. Kazi yote hiyo humwachia ndege mwingine, naye mara nyingi hupoteza watoto wake wote kwa ajili ya mtoto mmoja wa mgeni.

Karatasi hizi huzoea kueleza habari za mbegu, samadi na wadudu waharibifu. Huenda ukauliza, Habari hii ya viota yanihusu nini mimi niliye na jembe mkononi? Jawabu ni kwamba yakuhusu kwa mambo matatu. Kwanza, ndege tutakaowataja hula viwavi na wadudu wa shamba, na watu huwaangamiza kwa kutojua. Pili, mmoja wao ni yule akuonyeshaye asali. Tatu, vita vyao vina funzo kubwa juu ya mbegu uipandayo. Tafadhali soma hata mwisho, kisha utazame mwenyewe.

1. NDEGE HAWA NI AKINA NANI

Katika namna zote za ndege wa dunia, wale watagao katika viota vya wengine tu, wasijenge kamwe, ni kama namna moja katika kila mia. Katika Afrika wako wengi, nao ni wa makundi manne.

Kundi la kwanza ni kekeo, nao ni wa namna nyingi. Kekeo mwenye kifua chekundu hutoa milio mitatu ishukayo, na kwa kuwa husikika sana mvua zinapokaribia, wakulima wengi huifanya sauti yake kuwa dalili ya kutayarisha shamba. Kekeo wa kijani ing'aayo kama shaba hutaga katika viota vya mnana. Kekeo wa kijivu hutaga katika viota vya mramba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda, mkali kuliko ukubwa wake.

Hapa yatupasa kumwondolea lawama tipitipi. Yeye ni wa jamaa ya kekeo, na kwa sababu hiyo watu humdhania kuwa na tabia yao. Sivyo. Tipitipi hujenga kiota chake na kulea watoto wake, na tena katika jamaa yake dume ndiye afanyaye sehemu kubwa ya malezi.

Kundi la pili ni mlembe, ndege wa asali, ambaye wengine humwita kiongozi. Hutaga katika mashimo ya ndege wengine, kama vile keremkerem, hudihudi, kigogota na mdiria.

Kundi la tatu ni fumbwe. Dume lake, wakati wa kutafuta majike, huota mkia mweusi mrefu kupita mwili wake. Hutaga katika viota vya ndege wadogo sana walao mbegu za majani.

Kundi la nne lina namna moja tu, ndege mdogo mwenye mdomo mnene. Dume ni la manjano, bali jike ni la rangi ya majani makavu lenye mistari. Huyu hutaga katika viota vya vijindege wa nyasini, wale wenye mkia mrefu wautikisao daima, ambao wataalamu huwaita prinia, na vya jamaa zao. Tutamwita ndege wa manjano, nasi tutakaa naye zaidi, kwa kuwa habari zake zimechunguzwa sana katika mashamba ya Choma, kusini mwa Zambia.

2. HILA ZA MGENI

Jike la kekeo halikurupuki. Hukaa mtini kimya, akitazama ni nani anayebeba majani ya kujengea na anakwenda wapi. Akisha kujua kiota kilipo, hungoja mwenyewe aondoke, kisha huingia na kutaga kwa upesi mno. Mara nyingi huondoa yai moja la mwenyeji ili hesabu isizidi.

Tena yai lake lina mwanzo mwema kuliko mengine. Kekeo na mlembe hulizuia yai tumboni kwa muda zaidi kabla ya kulitaga, hata kinda huanza kuumbika kwa joto la mwili wa mama yake. Kwa hiyo yai la mgeni huanguliwa mapema. Kinda wa kekeo wengi, akiwa bado kipofu na hana unyoya hata mmoja, huyasukuma mayai ya mwenyeji kwa mgongo wake mpaka ukingoni mwa kiota na kuyaangusha, moja baada ya moja. Mwenyeji akirudi hukuta mtoto mmoja tu, naye humlisha kwa bidii mpaka awe mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Huenda umeona ajabu hiyo, kijindege mdogo amesimama juu ya mgongo wa mtoto mkubwa, akimtilia kiwavi mdomoni.

Mlembe ana njia nyingine, na ni ya kikatili zaidi. Jike lake huyatoboa mayai ya mwenyeji anapokuja kutaga. Likisalia yai, kinda wa mlembe hulimaliza neno. Yeye huzaliwa na ndoana mbili kali, moja katika ncha ya kila mdomo, wa juu na wa chini. Huko Choma keremkerem wadogo huchimba viota vyao katika dari la mashimo ya mhanga, na ndani ya giza hilo wataalamu waliweka vyombo vya kupiga picha. Picha hizo, zilizotangazwa mwaka 2011, zilionyesha kinda wa mlembe, macho yamefumba, akiwauma na kuwatikisa watoto wa keremkerem walioanguliwa punde hata wakafa. Na mama yao alipoingia na chakula, alimlisha muuaji katika giza lile lile. Baada ya majuma machache ndoana zile hupotea, kwa kuwa kazi yake imekwisha.

Fumbwe si muuaji. Kinda wake hukua pamoja na watoto wa mwenyeji. Lakini yeye naye ana hila. Vijindege walao mbegu wana alama na madoa ndani ya vinywa vya watoto wao, kila namna na mapambo yake, na kinda wa fumbwe huzaliwa na alama zifananazo na zile. Afunguapo kinywa chake kuomba chakula, mlezi huona kinywa cha mtoto wake. Na katika jamaa ya fumbwe wako ambao dume, akisha kukua, huimba wimbo aliojifunza kwa baba mlezi, na kwa wimbo huo majike waliolelewa katika nyumba za namna hiyo humtambua.

3. ULINZI WA KWANZA: MLANGONI

Usidhani ya kuwa wenye viota wamelala usingizi. Ulinzi wa kwanza ni kumzuia adui asiingie. Vijindege wadogo wakimwona kekeo karibu na kiota hupiga kelele, huitana, na kumrukia mpaka aondoke. Mramba hangoji msaada. Yeye huwafukuza hata mwewe, sembuse kekeo.

Mnana hutumia ufundi wa mikono, yaani wa mdomo. Tazama kiota chake kinavyoning'inia katika ncha ya kuti au tawi jembamba. Katika namna kadha wa kadha za mnana mlango huelekea chini, na wengine huusukia bomba jembamba. Ndege mwembamba mwenye kuzoea njia hupita, bali kekeo aliye mkubwa kuliko mwenye nyumba hupata taabu kuingia.

Lakini adui naye hutafuta namna ya kufika mlangoni bila kushukiwa. Jike la ndege wa manjano, kama tulivyosema, halina rangi ya manjano. Anafanana sana na majike ya ndege fulani wala mbegu, wale ambao madume yao huwa mekundu na meusi wakati wa mvua, na ambao hawamdhuru prinia kwa neno lolote. Wataalamu wa Choma waliweka sanamu za ndege hao karibu na viota, nao waliona ya kuwa prinia huwashambulia wote wawili sawasawa. Hawezi kumtambua mwizi katika kundi la wasio na hatia, basi huona heri kumfukuza kila mmoja. Ni kama kijiji kilichoibiwa mara nyingi, ambacho kila mgeni apitaye usiku huulizwa habari zake.

4. ULINZI WA PILI: ALAMA JUU YA YAI

Ikiwa adui amekwisha kuingia na kutaga, mwenye kiota amebakiwa na silaha moja, nayo ni kulitambua yai lisilo lake na kulitupa. Hapa ndipo penye maajabu kuliko yote.

Wewe mwenye ng'ombe huwatia alama kwa chuma cha moto au kwa kuwakata masikio, ili wakichanganyika malishoni uwajue walio wako. Prinia hufanya hivyo juu ya mayai yake. Ukikusanya habari za viota ishirini vya prinia, utaona mayai meupe, ya samawati, mekundu, na ya kijani kama zeituni. Mengine yana madoa makubwa, mengine vidoa, mengine mistari iliyopindapinda kama maandiko ya kalamu. Mtu asiyejua atasema ni mayai ya ndege ishirini mbalimbali. Kumbe kila jike ana alama yake moja, naye hutaga yai la alama hiyo hiyo maisha yake yote. Mayai ya kiota kimoja hufanana kama sarafu za mwaka mmoja, na ya kiota cha jirani ni tofauti kabisa.

Mtaalamu Claire Spottiswoode na mwenzake Martin Stevens waliichunguza habari hii huko Choma, wakisaidiwa na wakulima wa mahali pale walio hodari wa kutafuta viota majanini. Walitia mayai ya kiota kimoja katika kiota kingine na kungoja. Katika maandiko yao ya mwaka 2010 walieleza ya kuwa prinia hatazami jambo moja tu. Hutazama rangi, na hutazama pia ukubwa wa madoa na jinsi yalivyotawanyika juu ya yai. Yai lililo tofauti hutupwa nje.

Adui amejibuje? Majike ya ndege wa manjano nao wana mayai ya rangi nyingi, meupe, ya samawati, mekundu, yakifuata mayai ya prinia. Lakini kila jike ana namna yake moja tu, wala hana uwezo wa kuchagua kiota chenye mayai yafananayo na lake. Hutaga penye nafasi, basi mengi hutupwa. Kwa sababu hiyo huongeza hila nyingine, nayo ni kutia mayai mawili au zaidi katika kiota kimoja. Mwenyeji akiona mayai ya kigeni yamekuwa mengi huchanganyikiwa, asijue tena yapi ni ya nyumbani, na mara nyingi huyaacha yote.

Mkusanyaji wa mayai aitwaye John Colebrook-Robjent alikaa Choma miaka mingi, na mayai aliyoyaweka tangu zamani yalilinganishwa na ya siku zetu. Ilionekana ya kuwa katika muda wa miaka kama 40 tu rangi za mayai ya prinia zimebadilika, na za ndege wa manjano nazo zimebadilika zikizifuata nyuma. Vita havikusimama hata kwa maisha ya mtu mmoja.

Mwaka 2022 ilitangazwa siri nyingine, nayo yafaa sana kusikiwa na kila achaguaye mbegu na madume ya mifugo. Jike la ndege wa manjano hurithi rangi ya yai kwa mama yake tu. Baba haongezi neno. Njia hiyo ina faida, kwa kuwa binti hutaga yai lile lile lililomwezesha mama yake kufaulu. Lakini ina hasara pia, kwa maana ukoo wa mayai mekundu na ukoo wa mayai ya samawati hauwezi kuchanganyika. Prinia yeye aweza kuchanganya, naye hupata yai la kijani cha zeituni, ambalo ndege wa manjano hajaweza kuliiga. Ukoo ufungao mlango wake kwa damu ya nje hudumisha ulichonacho, lakini haupati kipya.

Mramba naye ana alama zake. Mayai ya kekeo wa kijivu yamefanana na ya mramba kiasi cha kwamba jicho la mtu huweza kudanganyika. Na lakini wataalamu waliowajaribu mramba wa Choma walipata kwa hesabu, katika maandiko ya mwaka 2023, ya kuwa mramba angetupa mayai kama 94 katika kila 100 ya kekeo. Kuiga namna ya yai hakutoshi. Yapasa kuliiga yai la mama huyu, katika kiota hiki, na hilo kekeo hulipata kwa bahati tu.

5. VISIWA VISIVYO NA KEKEO

Mtu ataka kuuliza, Tutajuaje ya kuwa alama hizi zimetokana na vita, wala si mapambo tu? Jawabu lipo visiwani.

Mnana wa vijijini, yule ajengaye kwa makundi katika minazi na miti iliyo karibu na nyumba, hutaga mayai ya rangi mbalimbali kama prinia, kila jike na rangi yake. Ndege huyu alipelekwa na watu katika nchi mbili zilizo mbali, kisiwa cha Hispaniola, karibu na Marekani, katika karne ya 18, na kisiwa cha Mauritius mwaka 1886. Huko hapakuwa na kekeo wa kijani. Mtaalamu David Lahti aliyatazama mayai ya mnana wa visiwa hivyo, akatangaza habari yake mwaka 2005. Aliona ya kwamba alama zimeanza kulegea. Mayai ya majike mbalimbali yamezidi kufanana, na mayai ya jike mmoja yamezidi kutofautiana. Mlinzi asiyeona mwizi miaka mingi huanza kuacha mlango wazi.

Neno hili ni la kukumbukwa. Ulinzi una gharama yake, na pasipo adui haudumu. Adui akirudi ghafula humkuta mwenye nyumba hana silaha.

6. KWA NINI WENGINE HUMLEA MGENI

Yawezekana umemwona ndege akimlisha mtoto wa kekeo, ukamwita mpumbavu. Usimhukumu upesi. Kutupa yai ni jambo la hatari, kwa kuwa ndege akikosea hutupa mtoto wake mwenyewe. Wako wenye midomo midogo wasioweza kulishika yai la mgeni wala kulitoboa. Wako watagao katika giza la shimo, kama keremkerem, ambao hawana nafasi ya kutazama rangi. Na pale ambapo kekeo ni wachache, mwenye kiota akimshuku kila mtu hupata hasara kubwa kuliko yule apokeaye mgeni mara moja katika miaka mingi. Mradi wake si kushinda kila vita, ni kulea watoto wa kutosha.

7. MLEMBE NA MWANADAMU

Sasa tumrudie mlembe, kwa maana habari yake yaweza kukutia uchungu. Ndege yule yule aliyeanza maisha yake kwa kuwaua ndugu wa kambo katika giza ndiye ajaye mbele yako, akalia na kurukaruka toka mti hata mti, mpaka akufikishe penye mzinga. Wewe wataka asali, yeye ataka nta na watoto wa nyuki. Hawezi kupasua gogo wala kuwatuliza nyuki kwa moshi, na wewe huna mbawa za kuutafuta mzinga. Ni ushirika wa tangu zamani. Padre Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala mwaka 1588 na baadaye, aliandika habari za ndege mdogo aliyeingia kanisani kula nta ya mishumaa, ambaye pia huwaongoza watu penye asali.

Wayao wa Niassa, katika Msumbiji, wana mlio wao wa kumwita, mtetemo wa ulimi umalizikao kwa mguno. Wahadza wa Tanzania humpigia mbinja. Mlio huo si desturi tupu. Katika majaribio ya Niassa yaliyotangazwa mwaka 2016, watu walipotembea wakitoa mlio huo, nafasi ya kuongozwa na ndege ilikuwa maradufu kuliko walipotoa sauti nyingine, na nafasi ya kuona mzinga ilipanda kutoka kama 17 katika 100 hata 54. Kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya pia ilionekana, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989, ya kuwa mwenye kuongozwa na ndege huona mizinga upesi zaidi.

Je, tumwite mwema au mwovu? Yeye si mwema wala si mwovu. Ni ndege, naye hutafuta riziki kwa njia aliyopewa. Keremkerem huendelea kuwapo, mlembe huendelea kuwapo, na hiyo ndiyo dalili ya kwamba mizani haijaanguka. Mwenye kuweza kuiangusha ni mtu.

8. FUNZO KWA SHAMBA LAKO

Fikiri habari ya prinia kana kwamba ni habari ya mbegu. Kama prinia wote wangetaga yai la rangi moja, ndege wa manjano angehitaji kujifunza hila moja tu, naye angewamaliza. Kilichowaokoa ni kuwa mbalimbali. Adui anayeweza kumdanganya mmoja hushindwa na jirani yake.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa magonjwa ya mimea. Shamba la mbegu ya namna moja, na vijiji vyote vyenye mbegu hiyo hiyo, ni kiota kilichofunguliwa mlango. Ugonjwa ukipata njia ya kuingia katika mmea mmoja umeipata katika yote. Wakulima wa Rwanda, Burundi na Kivu tangu zamani hupanda maharagwe ya rangi nyingi pamoja katika shamba moja, na watu wa mbali walipowaona walidhani ni uzembe. Si uzembe. Ugonjwa ukiwaangusha wengine, wengine husimama.

Wala usidhani ya kuwa mbegu ishindayo ugonjwa leo itaushinda daima. Katika Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1980, ugonjwa wa batobato ya mihogo ulirudi kwa namna kali zaidi ukaangamiza mashamba ya watu wengi. Adui hubadilika, na mwenye shamba hana budi kubadilika naye, kama prinia na ndege wa manjano. Ndiyo sababu yafaa kuweka akiba ya mbegu za namna mbalimbali, hata zile ambazo mwaka huu hazikuzaa sana.

9. MASHAURI

Kwanza. Usivunje kiota ukionacho ukingoni mwa shamba, wala usitoe yai ukidhani wamsaidia mwenyewe. Huenda ukatoa lililo lake. Tena njia uifanyayo majanini kwa miguu yako huwaonyesha nyoka na panya mahali pa kwenda, na ndege aliyesumbuliwa huweza kukiacha kiota.

Pili. Usimwue kekeo. Chakula chake kikubwa ni viwavi, hata wale wenye manyoya yawashayo ambao ndege wengi huwaogopa. Prinia naye hutafuta wadudu na viwavi katika majani kutwa. Wote wawili ni vibarua wako wasiotaka ujira.

Tatu. Unapopalilia au kufyeka wakati wa mvua, acha ukanda wa majani kandokando ya shamba, kwa maana ndipo vijindege hawa hushona viota vyao. Usichome majani ovyo. Moto wa siku moja humaliza kazi ambayo adui wa viota hakuimaliza kwa miaka.

Nne. Ukiongozwa na mlembe, mwachie kipande cha sega chenye nta, na moto wako uuzime kabisa kabla ya kuondoka. Usikate mti mzima ikiwa tundu laweza kupanuliwa.

Tano. Waonye watoto wanaochunga wasikusanye mayai wala kuwapiga makinda kwa manati. Bali wafundishe kutazama. Mtoto ajuaye kutofautisha mayai ya prinia wawili kwa macho yake atajua pia kuona jani la muhindi lililoanza kuugua kabla baba yake hajaliona, na huo ni utajiri wa shamba.

Neno la mwisho ni juu ya mnana, kwa kuwa wengine watasema ya kwamba huwala nafaka. Ni kweli. Mtama ukianza kukomaa, walinde na kuwafukuza kama ilivyo desturi. Lakini mavuno yakiisha kuingia ghalani, nenda siku moja chini ya mti wao, utazame viota vinavyoning'inia na milango iliyoelekea chini, ukumbuke kekeo wa kijani aliyejificha katika majani ya jirani. Kila bomba lililosukwa pale na kila yai lililotiwa rangi yake ni kazi ya mwenye mali asiyetaka kuibiwa, nawe mkulima wajua sana uchungu wa kulinda mali.